Ukungu Kumzunguka Mlalaji

Kuna watu ukiwapa zawadi hushukuru, na kuna wanaoipindua kwanza kuangalia chini yake. Bi Shaka alikuwa wa kundi la pili, tena kiongozi wao. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na wenzake kazini, na wala halikumuudhi. Alilivaa kama cheo.

Kazi yake ilikuwa kukagua picha. Darubini ilisimama kilimani, mbali na taa za mji, na usiku ilijiendesha yenyewe. Watu wa ofisi walifanya kazi mchana kama makarani wengine, katika jengo lenye zulia lililochakaa na feni zinazolalamika. Kilichotafutwa kilikuwa magimba ya barafu. Huko mbali, katikati ya njia za sayari kubwa, yanazunguka madonge ya barafu na mawe, mengine makubwa kuliko mji mzima. Donge la namna hiyo hukaa kimya miaka na miaka. Halafu sayari hizo hulivutavuta, njia yake hupinda na kusogea ndani, na likifika kwenye himaya ya Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, hutupwa karibu na Jua. Hapo huwa nyotamkia, moja ya zile zinazorudi kila baada ya miaka michache.

Hayo yanajulikana. Kisichojulikana ni kwa nini baadhi huanza kuamka na kutoa mvuke yakiwa bado mbali, kwenye baridi kali ambayo barafu ya maji haiwezi kugeuka mvuke. Nini huyaamsha? Kila mtu huyakuta yameshaamka, mvuke wa kwanza umeshachanganyika na wa pili na wa tatu, na jibu limepotea. Bi Shaka alitaka kulikuta moja katika siku zile za mwanzo. Ndilo jambo pekee alilolitaka katika kazi ile, na alilisema waziwazi kwa kila aliyemuuliza, na kwa wengi ambao hawakumuuliza.

Alikuwa na gimba lake la moyoni. Alimwita Mlalaji, maana tangu amjue hakuwahi kutoa hata pumzi. Alianza kumfuatilia nywele zake zote zikiwa nyeusi. Mlalaji alikuwa amepita jirani na Mshtarii miaka michache nyuma, njia yake ikapindwa, na hesabu zilionyesha anakuja ndani. Bi Shaka alishatabiri mbele ya mkutano mzima, akachora na ubaoni, kwamba kama yupo wa kuamka, ni huyo, tena karibuni.

Sasa, kuhusu chambo. Zamani ofisi hiyo ilitangaza kwa mbwembwe kwamba gimba fulani limeamka. Kumbe ule ukungu ulikuwa galaksi iliyokaa nyuma yake, mbali sana, haina habari na mtu. Wakachekwa na dunia nzima, yaani ile dunia ndogo inayojali mambo hayo. Aliyeleta dawa ni Bi Shaka mwenyewe. Mtu mmoja, alisema, apewe kazi ya kutega. Achukue picha ya gimba lililolala, alizungushie ukungu wa uongo kwa kompyuta, aichanganye na picha za kweli. Mkaguzi asiambiwe. Akiona ukungu, aukague akijua huenda ni chambo, asije akaona anachotamani kuona. Akishaamua abonyeze kitufe kimoja kati ya viwili: KWELI au CHAMBO.

Na kabla hajabonyeza, mtegaji asiseme neno. Si kwa mkaguzi, si kwa mkuu wa ofisi, si kwa yeyote. Akisema, picha hiyo imeharibika na haitatangazwa kamwe, kwa kuwa jicho moja limenong'onezwa na jingine. Darubini kubwa ya nchi jirani, ile yenye uwezo wa kupasua mwanga na kutambua mvuke ni wa kitu gani, haiombwi mpaka kitufe cha KWELI kibonyezwe. Kanuni ilipita bila kupingwa. Akateuliwa mtegaji, fundi wa kompyuta, mtu mcheshi kuliko wote jengoni. Alikuwa mume wa Bi Shaka.

Mtu mwenye akili timamu angesema hapana palepale. Lakini wawili hao walikuwa wamelewa kanuni. Walikula yamini kwamba mambo ya picha hayataingia nyumbani, na kwa muda mrefu yakabaki kazini kweli. Mpaka asubuhi moja mume alipoamka anakohoa, akajifunika shuka gubigubi, akaomba aletewe chai ya tangawizi kitandani. Bi Shaka akamwonea huruma, akaenda kazini peke yake. Akakuta ukungu kwenye picha. Akajiambia, leo mtegaji anaumwa, nani atatega? Akabonyeza KWELI. Skrini ikawa nyekundu. Mgonjwa alikuwa ametega jana yake jioni, na kikohozi kilikuwa sehemu ya mtego.

Ofisi nzima ilicheka. Mume aliisimulia habari hiyo kazini, kwa majirani, hata harusini kwa watu, akiigiza na sauti ya kuomba chai. Bi Shaka naye alicheka, kwa meno. Moyoni aliweka nadhiri kwamba uso wa mume wake hautamdanganya tena. Aliyeumwa na nyoka, akiona unyasi hushtuka.

Basi ikafika Jumatatu moja, baada ya chai ya saa nne, Bi Shaka akafungua picha za Mlalaji. Darubini hulifuata gimba linavyokwenda, kwa hiyo nyota za nyuma huonekana vistari vifupi, na gimba hubaki nukta. Siku hiyo nukta haikuwa nukta. Ilikuwa na ukungu mwembamba kuizunguka, umelemea upande mmoja.

Moyo ulimpiga. Aliona haya kuukuta moyo wake unapiga hivyo, akainuka, akafunga mlango, akakaa tena.

Akakagua. Ukungu ulisogea pamoja na gimba kutoka picha hadi picha, kwa hiyo haikuwa galaksi ya nyuma. Ulitikiswa na hewa ya usiku kwa kiasi kilekile cha nyota za pembeni. Haukuwa laini kupita kiasi, kosa la vyambo vya kitoto. Kila kipimo ulipita. Na kadiri ulivyopita ndivyo alivyozidi kukunja uso. Nani alimfundisha mtegaji kwamba ukungu wa uongo usiwe laini? Yeye. Nani alimfundisha kuutikisa kwa hewa ileile ya nyota? Yeye, mezani kwake, kwa subira kabisa. Picha nzuri haikuthibitisha chochote isipokuwa kwamba mwanafunzi wake alikuwa hodari.

Tena, kwa nini Mlalaji? Yako magimba tele kwenye orodha. Kwa nini aamke huyu anayependwa, mahali palepale alipotabiriwa, kwa umbo lilelile alilolichora ubaoni? Jambo likija vile ulivyoliomba, hakuna kilichopungua wala kuzidi, Bi Shaka huuliza limetumwa na nani.

Akaiacha picha bila kubonyeza kitu. Kanuni haikuweka muda. Hilo alilisahau alipoitunga.

Jioni hiyo nyumbani walikula watatu, pamoja na mama mkwe, aliyeishi nao chumba cha uani na kusikia kila kitu isipokuwa akiitwa kuosha vyombo. Mume alikuwa akichezea chakula kwa kijiko.

"Mlalaji hajambo?" akauliza ghafla.

Bi Shaka akaacha kutafuna. Miaka yote hiyo hajawahi kumuuliza habari za gimba lolote mezani.

"Amelala," akajibu. "Unamuulizia wa nini?"

"Basi tu. Mtu si anaweza kumsalimia mwenzake?"

"Msalimie kesho, kazini."

Mume akainamia sahani. Bi Shaka akamtazama utosi, akawaza: ameanza. Alijua kwamba asiyetega hana sababu ya kuja kuchungulia kama samaki ameuma. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Siku zilizofuata kibaya kilijitembeza kwelikweli. Mume aliosha vyombo bila kuombwa. Alimletea Bi Shaka chai mezani ofisini, akasimama nyuma ya kiti chake akipumua, macho yamemtoka, kisha akaondoka bila kusema. Siku moja walipokuwa wakianua nguo, akakunja shuka ileile mara tatu, akasema bila kumtazama, "Mke wangu, kuna vitu haviji mara mbili."

"Kama vipi?"

"Sijui. Vitu tu. Mvua ya kwanza, kwa mfano. Ukiikosa umeikosa, iliyobaki ni matope."

"Wewe lini umeanza kusema kwa mafumbo?"

Akafungua mdomo, akaufunga. Bi Shaka alimwona akiuma ulimi, na alifurahi sana. Alifurahi kwa sababu alidhani anamwona mtu anayezuia kicheko.

Kilichomtia wasiwasi zaidi ni kwamba mume aliacha utani. Mtu aliyeweza kumtania mfiwa mpaka mfiwa akacheka, sasa alitoka asubuhi kimya na kurudi kimya. Bi Shaka alikuwa na msemo wake kwa hilo: mcheshi akinyamaza, shika mkoba wako.

Mama mkwe naye alikuwa na msemo wake. Alimvizia Bi Shaka jikoni.

"Mkwe wangu, yule ana kitu. Mtoto niliyemzaa mimi haachi nyama kwenye sahani."

"Najua, mama."

"Unajua, na umekaa? Kikulacho ki nguoni mwako. Mwulize anakwenda kwa nani."

"Haendi kwa mtu, mama. Ni mambo ya chambo."

"Huyo Chambo ni nani, na anakaa wapi?"

Bi Shaka akacheka mpaka akashika ukuta. Ilimchukua muda kumweleza, na mwishoni bibi yule akamtazama kwa huruma. "Yaani mumeo anajua kitu, wewe unakitaka, na mmekubaliana asikuambie."

"Ndiyo kanuni."

"Nani aliitunga?"

"Mimi."

Mama mkwe akachukua kisu chake cha vitunguu akaenda kukalia kigoda, bila neno. Neno lenyewe lilionekana usoni.

Wiki ya pili ikaingia. Kila asubuhi picha mpya za Mlalaji zilikuja, na kila picha ilikuwa na ukungu mpana kidogo kuliko jana. Picha zote zilipitia kompyuta ya mtegaji kabla ya kufika kwa mkaguzi, kwa hiyo hazikumsaidia kitu. Aliyetega leo anaweza kutega kesho, akikuza ukungu kidogo kidogo. Hata hilo alimfundisha yeye. Angeweza kuomba darubini kubwa ikate mzizi wa fitina, lakini kuiomba ni mpaka abonyeze KWELI, na KWELI ikigeuka nyekundu tena, tena kwa Mlalaji, tena mbele ya ofisi nzima, habari hiyo ingeigizwa kwenye harusi zote za mjini mpaka azikwe. Na muda ulikuwa unakwisha. Mlalaji alikuwa akielekea upande wa Jua angani, na baada ya wiki chache angemezwa na mwanga wake asionekane kwa miezi.

Mkuu wa ofisi, bwana mmoja mpole anayezungumza kama anayesoma tangazo, alipita mlangoni. "Bi Shaka, kuna picha zinasubiri uamuzi wako."

"Zitasubiri."

"Muda mrefu kidogo."

"Aliyezitega naye asubiri. Nataka nimkamate kwa ushahidi, si kwa kubahatisha."

Mkuu akaangalia upande wa chumba cha mtegaji, akaangalia chini, akaenda zake. Bi Shaka aliliona jicho lile likienda chumba cha mtegaji. Akaongeza na mkuu kwenye hesabu ya wanaojua.

Ushahidi aliupata Alhamisi. Alilinganisha umbo la ukungu na mchoro aliouchora ubaoni kwenye ule mkutano wa utabiri: umelemea upande mmoja, upande uleule, kwa pembe ileile. Mume wake alikaa mstari wa mbele siku hiyo. Alipiga makofi kuliko wote. Bi Shaka akaegemea kiti, akahisi utamu wa mtu aliyemwona mwizi kwa tundu la ufunguo. Hakuwaza kwamba huenda mchoro wake ulifanana na ukungu kwa sababu alichora sawasawa. Wazo hilo lilikuwa palepale mezani, lakini lingemtaka ajiamini, na yeye kwa kutilia shaka alikuwa hambagui mtu, akiwemo yeye mwenyewe.

Akabonyeza CHAMBO.

Alingoja skrini iwe kijani, rangi ya pongezi. Haikuwa kijani, wala haikuwa nyekundu. Ilitoa maandishi ambayo hakuwahi kuyaona tangu kanuni ianze: HAKUNA CHAMBO KILICHOTEGWA.

Akayasoma. Akayasoma tena. Alipoinua macho, mume wake alikuwa mlangoni, ameshika kizingiti, anahema. Alikuwa amekimbia ujia mzima.

"Sikutega," akasema. "Sikutega kitu, mke wangu. Mwezi huu sijatega hata kimoja. Niliona ule ukungu Jumatatu ile asubuhi, kabla yako. Ni yeye. Ameamka."

Bi Shaka aliinua simu, akampigia mkuu, na sauti yake ilipotoka haikuwa yake.

Wasikilizaji wa habari za namna hii hupenda kuambiwa kwamba waliwahi. Hawakuwahi. Darubini kubwa iliombwa saa hiyohiyo, kitufe cha KWELI kikiwekwa kando, na ombi likakubaliwa, mkuu akiwabembeleza wenyewe kwa sauti yake ya matangazo. Matokeo yalikuja mchana wa Jumamosi, wakayatazama watatu wamesimama. Mlalaji alikuwa macho kabisa. Alitoa mvuke wa aina tatu, umechanganyika na vumbi lililomzunguka pande zote, na hapakuwa na njia ya kujua upi ulitangulia na upi ulifukuzwa na mwenzake. Waliuliza kila ofisi waliyoifahamu. Hakuna aliyekuwa akimtazama Mlalaji siku zile za mwanzo, kwa sababu kila mtu alijua yuko kwenye mikono salama ya Bi Shaka.

"Tutatangaza kwamba ameamka," mkuu akasema. "Habari ni nzuri, itapokewa vizuri. Lakini nini kimemwamsha..." Hakuwa mtu wa kulaumu, na siku ile ilionekana ni kazi kutolaumu. "Hatutaandika kwamba tulikuwa macho."

Bi Shaka alisema ndiyo. Alikwenda msalani, akafungulia bomba, akalia kwa sauti maji yakitiririka. Alilia kwa hasira na kwa aibu, na zaidi kwa uchungu, maana gimba la namna ile haliamki mara mbili kwa mara ya kwanza, na yeye hakuwa na miaka mingine ya kumngoja mlalaji mwingine. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Wahenga walimaliza kazi yao, hawakumwachia hata pa kujitetea.

Walitembea kurudi nyumbani kwa miguu, yeye na mume wake. Mtaa ulikuwa na watu wa Jumamosi, fundi cherehani akipiga soga na muuza vocha, watoto wakigombea baiskeli moja. Mume alimshika mkono, jambo ambalo hakulifanya barabarani mara nyingi.

"Ulijua siku zote hizo," Bi Shaka akasema.

"Nilijua kwamba si mimi."

"Ukawa unaleta chai na kukunja mashuka."

"Ningefanya nini? Ningesema, picha ingeharibika. Ungekuwa umempata na huruhusiwi kumtangaza. Nisiposema, nakuona unapotea. Nilikuwa silali. Nilijaribu kukusogeza bila kukusukuma."

"Kila uliponisogeza nilizidi kukukimbia."

"Niliona."

Wakapita watoto wa baiskeli. Mume akapunguza mwendo.

"Nikuulize kitu," akasema. "Acha kanuni. Acha ofisi. Ile Jumatatu jioni, tuko mezani, kama ningevunja yote nikakuambia kwa mdomo wangu: mke wangu, sikutega, yule ni wa kweli. Ungeniamini?"

Bi Shaka alijua jibu analolitaka mume wake. Alijua pia kwamba lilikuwa dogo, neno moja, na kwamba baada ya siku kama ile mwanamume yule alistahili kupewa. Akakumbuka kikohozi na chai ya tangawizi. Akajaribu kuikumbuka ile Jumatatu bila kikohozi, akashindwa.

"Nisingekuamini," akasema. "Ningesema hicho ndicho chambo chenyewe."

Mume akaitikia kwa kichwa. Hakukasirika. Angekasirika, Bi Shaka angejua la kufanya.

"Nilidhani hivyo," akasema. "Ndiyo maana sikusema. Ingekuwa kanuni tu, ningeivunja."

Wakaendelea kutembea. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya mkono wa mume, na Bi Shaka, mtu wa kupima, alitembea njia nzima mpaka nyumbani akijaribu kupambanua kama umeshikwa au umesahauliwa.